Nusu ya Pili ya Somo la Chungu

Busia, upande wa Kenya
Jumapili, 25 Mei 2025

Shangazi Elinah mpendwa,

Yoga noi. Naanza na salamu za kwetu ili usiseme tena kwamba ualimu umenisahaulisha lugha. Yaliyobaki nitaandika kwa Kiswahili, maana Kiateso changu cha kuandika unakijua. Mara ya mwisho ulinirudishia barua ikiwa na alama nyekundu kama daftari la mtoto.

Sharti lako nimelikubali. Mambo ya mahari na sherehe yatakuja kwa karatasi, ndani ya pikapu ya vitunguu ya Nashon, wala si kwa simu. Juzi nilipopiga, mume wako Mzee Okware aliweka spika kama kawaida yake. Nikaanza kukueleza habari za nguo za ndani, mara nikasikia mwanamume anakohoa. Kumbe katekista yuko hapo anakunywa chai! Sijui nitamtazamaje tarehe kumi na sita Agosti atakapokuja kutuombea.

Opendi anakusalimu. Anauliza kama ni kweli watu wa Teso humpima mkwe kwa namna anavyokaa kwenye chungu cha pombe. Nimemwambia ni kweli. Sasa anafanya mazoezi ya kukaa.

Shangazi, nina jambo la kukufurahisha. Wiki hii nimefundisha kidato cha tatu kwa kutumia chungu chako. Somo lilikuwa jinsi mwili unavyojisafisha, nami nililipata kwenye semina ya walimu likizo iliyopita. Mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vimebanana kama watu ibadani siku ya Krismasi. Kila siku baadhi zinaharibika. Nani anaziondoa? Mimi miaka yote nilidhani ni askari wa damu tu. Kumbe majirani ndio wa kwanza kujua. Seli haina mdomo, lakini inatoa kemikali, jirani yake anaipokea, naye anatoa yake, na habari inazunguka. Zile nzima zikishakubaliana, zinambana yule aliyeharibika na kumpelekea ishara kwamba muda wake umekwisha. Naye anatii! Anajikunja, anajivunja vipande kwa utaratibu, na wenzake wanavimeza. Hakuna jeraha wala usaha.

Wasichana walinitazama kama ng'ombe wanaotazama gari. Nikaagiza beseni la maji na mirija kumi. Nikawaeleza kwamba kwenu wote huzunguka chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake mrefu, na sheria ya chungu ni hii: mtu akianza matusi, hapigiwi kelele. Aliye karibu anagonga mrija wake mara mbili kwenye ukingo wa chungu, jirani naye anagonga, inazunguka hadi wote wamegonga. Kisha wanasogeleana, na aliye kulia kwake anautoa mrija wa mkosaji na kumkabidhi mkononi. Mkosaji anaondoka kwa miguu yake. Patience, binti wa kutoka Lumino, alinyang'anywa mrija, akalalamika, "Mwalimu, mimi nimekosa nini?" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Kengele ililia kabla sijamaliza, lakini nadhani hawatalisahau.

Nilimkumbuka baba. Mrija wake bado uko darini kwako?

Wako akupendaye,
Aanyu


Mukuju, Tororo
Jumapili, 1 Juni 2025

Aanyu binti ya kaka yangu,

Barua imefika ikinuka vitunguu, nikaisoma nikilia kabla hata sijafika kwenye habari za baba yako. Mrija wake uko. Ndani ya mwanzi wake, juu ya jiko, na moshi umeupaka rangi. Mwaka wa nne huu tangu Okia aondoke, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Mwambie Opendi asijisumbue na mazoezi. Sisi hatumtazami mkwe anavyokaa, tunamtazama anavyoinuka. Halafu wao Wajopadhola si wanakunywa kwa mirija vilevile? Anataka kuonewa huruma tu huyo.

Wimbi la pombe ya sherehe limeiva vizuri. Nitaanza kuvundika unga mwishoni mwa mwezi wa saba, nitakaanga mwenyewe, nitakoroga mwenyewe. Hakuna mkono mwingine utakaogusa. Unamkumbuka Akullo, jirani yangu, alivyoomba Krismasi nimwachie akoroge kidogo tu? Nilimtoa jikoni na mwiko. Nampenda kama mdogo wangu, lakini ana haraka, na pombe ya mtu mwenye haraka inaumiza tumbo.

Somo lako nimelisoma mara tatu. Okware alinikuta na karatasi akauliza, "Elinah, hiyo barua nasema nini? Mbona hapana soma kwa sauti?" Nikamwambia ni mambo ya wanawake. Akatoka mbio.

Sasa nijibu swali moja. Kuna mama wa kwaya yetu hapa, mtu mzima, umri wake kama wangu. Mwezi uliopita watu wa afya waliweka hema uwanjani, wakawapima akina mama kule chini, unajua ninaposema chini. Baadaye wakamwita tena, wakampaka siki, wakaona doa jeupe. Wakamwambia ana seli zisizo za kawaida, lakini si kansa. Mama huyu ana mambo mengi sana ya kufanya miezi hii. Je, hizo seli nzima za jirani zinachukua siku ngapi kumtoa mwenzao mbaya? Wiki? Mwezi? Na kuna chakula anachoweza kula ili zigonge haraka?

Jibu kabla hujasahau. Nashon anapita Jumanne.

Shangazi yako,
Elinah


Mukuju
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwa Sista Joan, kituo cha afya

Sista, nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani inasikilizwa na kijiji kizima. Barua hii analeta Akullo, anakuja kumchanjisha mtoto. Bahasha nimeibandika kwa uji, ukikuta imefunguliwa nijulishe.

Umenipa kadi inayosema nije Alhamisi tarehe 19 unichome lile doa kwa joto. Sitakuja. Usinielewe vibaya, ulinishika kwa upole na sikusikia maumivu. Lakini ulisema baada ya hapo wiki nne nisikutane na mume, na siku za mwanzo nisibebe mzigo. Mume wangu ni mtu wa kuuliza sababu ya kila kitu, na sababu hiyo sijui nitaisemaje. Pia namwoza binti wa marehemu kaka yangu mwezi wa nane. Mimi ndiye shangazi. Mimi ndiye mama yake na baba yake siku hiyo, na sitaki mtu amwangalie bibi arusi kisha aniangalie mimi na kunong'ona.

Jambo kubwa ni hili. Binti huyo ni mwalimu wa baiolojia, amesoma hadi chuo kikuu. Ameniandikia kwamba seli zilizo nzima huzungumza kwa kemikali na kumtoa yule mbaya zenyewe. Kwa hiyo naziacha zifanye kazi yake. Ninakula mboga na ninalala mapema.

Asante kwa wema wako. Nitakuletea pombe ya sherehe kama dini yako inaruhusu.

Elinah


Busia
Jumatano, 11 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Naandika kwa haraka, nina karatasi mia moja na arobaini za kusahihisha na wino mwekundu umeniishia. Nashon alichelewa, barua yako nimeipata jana jioni.

Mwambie mama wa kwaya asiogope neno lile. Seli zisizo za kawaida kila mtu anazo. Siku ngapi? Mara nyingi ni saa chache tu, wala mwenyewe hajui. Tangu asubuhi wewe Shangazi umeshawatoa wakorofi wengi bila hata kuacha kumenya viazi! Chakula maalumu hakuna, ale tu vizuri. Nimefurahi kwamba mnazungumza somo langu huko kwaya. Hakuna mwalimu aliyewahi kusomwa mara tatu.

Kipindi cha pili cha somo hilo sijakifundisha bado, mitihani imetuvamia. Kuna mengine ya kuongeza, nitakuandikia nikipumua.

Kitambaa chako nimekinunua hapa sokoni, kijani kama ulivyotaka. Fundi ameuliza kiuno. Nimemwambia akate kikubwa, shangazi yangu anacheza.

Aanyu


Kituo cha afya
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mama Elinah,

Jana nilikusubiri hadi saa kumi. Barua yako niliipata, na ilikuwa imefungwa vizuri. Nilisita kukujibu kwa sababu nilitumaini utabadili mawazo mwenyewe.

Sitabishana na mwalimu wako. Aliyoandika ni ya kweli, na kwa wanawake vijana naona kila mwaka madoa yanayopotea yenyewe. Lakini wewe una miaka arobaini na tisa, na kile kirusi kinacholeta madoa haya, tulichokipata kwenye kipimo cha kwanza, hukukipata jana. Mwili wako umekuwa na muda wa kutosha kumaliza kazi hii na haujaimaliza. Ndiyo maana nilikuita.

Kuhusu mume: niletee. Nimeshazungumza na wanaume wakali kuliko Mzee Okware. Kuhusu sherehe: hesabu wiki nne kutoka leo uone zinaishia wapi. Zinaishia kabla hata hujakaanga unga.

Mashine hii ya joto si yetu. Tumeazimwa, na Alhamisi tarehe 3 Julai ndiyo siku ya mwisho. Kisha inakwenda wilaya nyingine, na kwetu itarudi mwakani. Leo hilo doa ni kazi ya dakika moja. Mwakani sijui litakuwa kazi ya nani.

Mama, nakuomba. Mwulize mwalimu wako kama amekuambia yote.

Sista Joan


Mukuju
Jumapili, 22 Juni 2025

Aanyu mwanangu,

Nina swali lingine la mama wa kwaya. Nitakuanzia mbali kidogo, unistahimili.

Unamkumbuka Okedi, yule aliyekuwa na duka la mbolea? Mwaka juzi ulikuwa chuoni, hukuona alichofanya hapa. Alikuja kwenye chungu siku ya mavuno, amevaa shati safi, ana sauti nzuri. Hakutukana mtu. Alikaa kidogo, kisha akagonga yeye kwanza. Mara mbili, kama sheria inavyosema, akimtazama Mzee Tom ambaye hakuwa amefanya lolote, amesinzia tu. Watu wakadhani labda Okedi amesikia neno ambalo wao hawakulisikia. Wakagonga. Wakamtoa mrija mzee wa watu, akaenda nyumbani akiyumba na aibu. Baada ya nusu saa Okedi akagonga tena, akatoka mwingine. Kila aliyetoka, nafasi yake ilikaliwa na binamu wa Okedi. Mimi niko jikoni nachemsha maji, nasikia tu tok-tok, tok-tok, nikasema leo kuna adabu kubwa huko nje. Nilipochungulia, chungu changu kilikuwa na Okedi na binamu zake saba, na Okware ameketi kwenye jiwe, mrija mkononi, kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Sheria ile nzuri uliyowafundisha wasichana ndiyo aliyoitumia kutumaliza. Na hakuna aliyekuwa mle kwenye duara angeweza kumtoa tena, maana waliobaki wote walikuwa wake. Ilibidi nitoke mimi na birika la maji yanayochemka, nikasema chungu hiki ni changu na ninakimwagia sasa hivi, aliye na mguu karibu autoe. Walitoka mbio hadi viatu vikabaki.

Basi, mama wa kwaya anauliza: kule kwenye seli, hakuna Okedi?

Ameambiwa na muuguzi kwamba mwili wake umekuwa na muda na haujamaliza. Ana hadi tarehe 3 Julai, kisha mashine inaondoka hadi mwakani. Moyo wake unamwambia asubiri. Anasema mpwa, yaani mtu mmoja aliyesoma, alimwambia ni saa chache tu.

Mambo mengine yanaendelea. Wimbi limekauka. Kama nikizidiwa na kazi mwezi wa saba, Akullo anaweza kukoroga, ana mkono mzuri siku hizi. Na ule mrija wa baba yako nimefikiri uuchukue mapema, usisubiri sherehe.

Nakupenda. Sijui kwa nini nimeandika hivyo wakati unajua.

Elinah


Busia
Alhamisi, 26 Juni 2025

Shangazi,

Nashon ameshapita, kwa hiyo barua hii analeta Opendi mwenyewe. Najua mkwe hapaswi kufika kabla ya siku yake. Amesema atasimama nje ya uzio na kutazama chini. Mpokee barua, na chai anywe palepale njiani.

Nilikuwa nasoma barua yako nikicheka kwa sababu ya viatu vya binamu za Okedi. Kisha nikafika kwa Akullo, nikaacha kucheka. Wewe, Elinah, umwachie Akullo mwiko? Siku ya mahari yangu? Nikarudi kwenye barua yako ya kwanza, nikaisoma mara tatu kama wewe. Shangazi, huyo mama wa kwaya ni wewe. Wewe huimbi kwaya. Ulitoka kwaya mwaka ule uliogombana na mwalimu wa sauti ya pili.

Nimelia hadi mwalimu mwenzangu amenichukulia kipindi. Ninalia kwa hofu, na kwa hasira juu yangu mwenyewe. Uliniuliza kuhusu mwili wako, mimi nikakujibu kuhusu viazi. Nilikuwa nimefurahishwa sana na ujanja wa somo langu, nikasahau kuuliza anayeuliza ni nani na kwa nini.

Sasa sikia nusu ya pili, ile ambayo kengele ililia kabla sijaifikia. Ndiyo, Okedi yuko. Kwenye semina walitueleza, na niliandika kwenye daftari langu kwa mkono huu. Ishara zile za kemikali haziwatumikii wema peke yao. Ziko seli zilizoharibika ambazo hazisikii zikigongewa, zimeziba masikio. Nyingine ni mbaya zaidi: zinajifunza kugonga zenyewe. Zinapeleka ishara kwa seli nzima zilizo jirani, na zile nzima, kwa kuwa ni zenye utii, zinajikunja na kufa na kuacha nafasi. Halafu mbaya anazaa na kuijaza nafasi hiyo na watoto wake. Wataalamu wanalichunguza jambo hili miaka mingi. Wewe umelipata ukiwa jikoni unachemsha maji, bila kuambiwa na mtu, na ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zote.

Mara nyingi majirani wanashinda. Hilo nililokuambia ni kweli. Lakini wasiposhinda kwa muda mrefu, hawashindi tena peke yao, na lazima mwenye chungu atoke jikoni. Sista huyo ndiye mwenye birika, Shangazi. Joto lile ndilo maji yako yanayochemka. La kuchekesha ni kwamba linafanya kazi ileile.

Baba alisema uvimbe wa koo utaisha wenyewe. Ulikuwapo. Wewe ndiye uliyemlisha uji kwa kijiko miezi mitatu, na wewe ndiye uliyeniambia siku ya maziko, "Tungemburuta." Ulisema tungemburuta hospitali hata kwa kamba. Basi mimi nimeshika kamba.

Nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Nakuja Jumatano tarehe 2. Alhamisi tunakwenda wote wawili. Mzee Okware nitamweleza mimi kama unaona aibu, nimewaeleza wasichana mia moja na arobaini, sembuse mzee mmoja. Na kama unadhani sherehe ni muhimu kuliko wewe, naisogeza mwakani leo hii. Nimemwuliza Opendi. Amesema atangoja, na hakusema kwa uso wa huzuni.

Mrija wa baba usiushushe. Sitaki kurithi chochote sasa hivi.

Wako,
Aanyu


Mukuju, Tororo
Jumapili, 13 Julai 2025

Aanyu binti yangu,

Umerudi shuleni siku nane zilizopita na nyumba imekuwa kimya, kwa hiyo naandika. Sista Joan alisema nipumzike, sasa nimepumzika hadi mgongo unauma.

Kwanza habari yangu. Majimaji yanatoka kama alivyosema, na yamepungua. Homa sina. Jana alipita hapa kuniona, akasema ninaendelea vizuri, akanywa chai, akakataa pombe, akachukua karanga. Kadi yangu mpya imeandikwa nirudi mwakani, tarehe 2 Julai, wanipime tena. Nimeibandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, waziwazi. Anayetaka kusoma asome.

Ulikuwa nje, hukusikia alichoniambia mle ndani. Nilipopanda kwenye kile kitanda nikasema ngoja kwanza nikojoe. Akaniambia, "Mama, wewe hapana ogopa. Hesabu watu ya chungu yako." Nikaanza kuhesabu. Mzee Tom, Okware, mke wa katekista, Akullo. Nilikuwa sijafika kwa mtu wa tisa akasema tayari. Aanyu, mimi nimekaa wiki sita na hofu kubwa kuliko nyumba, na kitu chenyewe kimeisha kabla sijamaliza kuhesabu watu wa chungu kimoja. Niliona aibu, kisha nikaona furaha, kisha nikaomba nipewe ile siki nikapikie saladi. Alicheka hadi akakaa.

Okware naye. Siku ile ulipomweleza alitoka nje akaenda kukata kuni, nikadhani amekasirika. Alikata kuni hadi magharibi. Usiku akaniambia, "Elinah, mimi ni nani kwako, hata unaambia sista wa hospitali kabla ya mimi?" Nilimshika mkono tu. Tangu siku hiyo ndiye anayebeba maji. Anayabeba vibaya, anamwaga nusu njiani, lakini anabeba. Na simu ikilia sasa anazima spika kwanza, anatoka nje kabisa, anakwenda hadi kwenye migomba, akinipa anasimama mbali. Katekista anasikitika sana.

Ulipoondoka ulikuwa bado unajilaumu, niliona machoni. Acha. Wewe hukunidanganya. Ulinipa nusu ya habari, na mimi nilikuwa natafuta nusu hiyohiyo, ningeipata hata kwa mganga wa mizizi sokoni. Lakini ukirudi kwa wasichana wako, malizia somo. Hata kengele ikilia, washikilie mlangoni. Waambie habari za Okedi, jina libadilishe, ana mawakili. Na waambie wakawaulize mama zao kama wamepimwa. Patience wa Lumino umpe yeye birika safari hii, maana mrija alishanyang'anywa.

Sherehe haisogei popote. Tarehe kumi na sita Agosti, kama ilivyo. Opendi alisimama vizuri nje ya uzio, chai ilipokuja akakaa kwenye jiwe. Nilimwacha pale dakika ishirini makusudi, na alipoinuka kuondoka alirudisha kikombe kwenye jiwe taratibu, hakukiacha majanini. Nimemkubali kwa kikombe hicho, lakini usimwambie, aendelee kufanya mazoezi.

Unga nitauvundika mwisho wa mwezi. Akullo atanyanyua vyungu na mimi nitakaa kwenye kigoda na kumwelekeza. Ameniahidi hatafanya haraka. Nimemwahidi sitashika mwiko mkubwa. Sote wawili tunadanganya kidogo.

Uliniambia nisishushe mrija wa baba yako. Nimeushusha. Siku nilipokuandikia habari zake mwezi uliopita nilikuwa naugawa kama mtu anayegawa vyombo vyake kabla ya safari, na wewe ulilijua hilo. Safari hii ni tofauti. Nimeuchemsha, nimeupitisha uzi na kuusafisha mpaka ndani, nimeutia kwenye mwanzi mpya. Siku ya sherehe utakaa upande wangu wa kulia na utakunywa nao, na watu wakiuliza ni wa nani utasema ni wako.

Usije ukadhani nakupa na wangu. Wangu bado nautumia.

Shangazi yako,
Elinah